Somo: Kabla hujampandisha jike wako wa mbegu

Wadau, salamu kutoka Nzuguni. Tangu nyumba zianze kuota kule Mtumba na Ihumwa, kila mwenye geti jipya anataka mbwa wa German Shepherd (Jemani), na kila mwenye jike anataka kupandisha. Hela ipo, sikatai, mimi mwenyewe ada za watoto nalipia kwa mbwa. Ila mengine tunayoyafanya humu mjini ni dhuluma, na nitaanza na yangu.

Uzao wangu wa kwanza walitoka tisa. Chakula kikanishinda, nikawaachia wakiwa na wiki tano, chanjo hakuna. Mmoja alichukuliwa na mzee aliyemwahidi mjukuu wake. Siku ya sita akanipigia: mtoto wa mbwa anatapika, anaharisha damu, ile yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Pavo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Alfajiri akafa. Mzee hakunitukana, aliuliza tu, "Mwanangu, ulijua?" Nilijua.

Hatua ya 1: Kagua wazazi wote wawili

Joto la kwanza, yaani mara ya kwanza jike anapotaka dume, liache lipite. Jemani ngoja afikishe miaka miwili, na si kwa sababu ya ukubwa wa mwili tu. Jemani, Rottweiler na Boerboel hurithi ugonjwa wa nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, mifupa inasagana mpaka mbwa anashindwa kunyanyuka. Picha ya eksirei ndiyo inayoonyesha. Ukiona mbwa akikimbia anatupa miguu ya nyuma yote kwa pamoja kama sungura, au asubuhi anaanza kuinuka kwa mikono, usimpandishe hata kama rangi yake inavutia namna gani.

Wapimwe pia damu kwa ajili ya brusela, inayotoa mimba na kumaliza uzazi. Na angalia sehemu za siri: kuna uvimbe mwekundu unaochuruza damu ambao mbwa huambukizana wakipandana, na dume anayezurura usiku ndiye anayeuleta.

Tabia nayo hurithiwa. Dume anayeng'ata huku mkia ameufyata si mkali, ni mwoga, na watoto wake wataogopa mpaka mwenye nyumba. Uliza na ukoo. Madume tunayoyategemea humu mjini ni yale yale, ni rahisi kumpandisha binti kwa baba yake bila kujua.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya hasara, siyo ya faida

Mimba ni siku kama 63. Jiulize: wakitoka wanane na asinunuliwe hata mmoja mpaka miezi minne, watalala wapi, watakula nini? Kama jibu ni "Mungu atajalia", subiri kwanza. Jike huingia kwenye joto kila miezi sita au saba, lakini hiyo siyo ratiba ya duka. Mimi napandisha mara moja kwa mwaka, uzao wa nne ndio mwisho, anabaki kula pensheni.

Hatua ya 3: Kuzaa

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 37.2, mara nyingi anazaa ndani ya saa 24. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila kitu kutoka, piga simu kwa dokta wa mifugo. Watoto wa wiki ya kwanza hawawezi kujipasha wenyewe, na mnajua usiku wa Dodoma mwezi wa saba ulivyo, upepo unapenya mpaka kwenye mifupa. Kwenye sanduku wanamolala kuwe na nyuzi 29 hadi 32. Natumia chupa za maji ya moto nilizozifunga kwa vipande vya kitenge, nazibadilisha usiku kucha.

Hatua ya 4: Wiki nane, hakuna mjadala

Dawa ya minyoo wiki ya 2, 4, 6 na 8. Chanjo ya kwanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, irudiwe kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Kichaa cha mbwa miezi mitatu. Kuanzia wiki ya tatu waache wasikie dunia: bodaboda, mashine ya kusaga, sufuria ikianguka. Wangu wanakulia jikoni kwa mke wangu, ananilalamikia kila siku na hakubali wahamishwe.

Hatua ya 5: Kuuza

Mhoji mnunuzi kama unamwoza binti. Nani atamlisha ukisafiri? Atafungwa mnyororo mchana kutwa? Mama wa watoto aonekane. Asiye na karatasi za ukoo sema hana, usitupe neno "pure" hewani. Mpe kadi ya chanjo na karatasi yenye sahihi zenu: akikushinda wakati wowote, anarudi kwangu, hapelekwi mnadani wala kutupwa Msalato. Dalali simpi mbwa. Na anayetaka nimpakie mtoto kwenye buti ya basi la Dar, aje amchukue mwenyewe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo, na hata isingekuwepo, lile joto la buti unalijua.

Maswali ya wadau

*Mdau wa Chang'ombe:* Mkuu, dume wangu Jemani, jike wa kienyeji. Watoto wakitoka na masikio yamesimama si niwauze kama Jemani tu?

Chotara ni chotara, mkuu. Muuze kwa jina lake na kwa bei yake. Mlinzi mzuri atakuwa, tena vumbi letu analizoea mapema.

*Dada wa Hombolo:* Kaka, jike wangu ana mimba na ameingia shambani akala zabibu. Mbona yuko mzima tu?

Dada, acha kusoma, mpeleke kwa dokta sasa hivi. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, na dalili huchelewa. Hakuna kiasi cha kusema hiki ni salama. Saa mbili za mwanzo ndizo dokta anaweza kumtapisha vizuri. Usimnyweshe chumvi wala mafuta. Sisi wa mkoa wa zabibu tuzungushie mashamba uzio.

*Mdau wa Kisasa:* Mteja anataka hela yake, eti mtoto wa miezi minne habweki wageni.

Miezi minne ni mtoto. Mweleze. Akishikilia, mchukue mbwa, anayemwona mtoto ana kasoro atampiga.

*Mdau wa Ipagala:* Yule mzee ulimlipa?

Nilimrudishia hela yote. Nikamwomba asilete mtoto mwingine wa mbwa uani pale mpaka mwaka upite, maana pavo hukaa ardhini miezi mingi, na tukasugua sakafu ya banda kwa jiki wote wawili. Mwaka uliofuata alikuja mwenyewe na mjukuu. Mjukuu akakimbilia sandukuni. Mzee akasimama mlangoni, akanyoosha mkono: "Kadi kwanza."