Kufunga kwa Vipindi ili Kupunguza Uzito

Anayetaka kupunguza uzito kwa kufunga kwa vipindi asikimbilie kukaa saa 16 bila kula siku ya kwanza. Aanze na saa 12, yaani amalize chakula cha jioni saa 1 usiku na asile kitu hadi saa 1 asubuhi. Baada ya wiki moja au mbili asogeze kifungua kinywa hadi saa 3, na hatimaye saa 5, ili milo yote iingie ndani ya saa 8.

Wakati wa kufunga maji yanaruhusiwa, na kwa ukavu wa Dodoma kabla ya mvua ni ya lazima. Chai ya rangi isiyo na sukari inafaa pia, lakini kikombe cha chai ya maziwa chenye sukari kimeshavunja mfungo.

Uzito hupungua kwa sababu mtu hula kidogo kuliko alivyozoea, si kwa sababu saa zenyewe ni dawa. Anayefungua kwa chipsi mayai na soda atabaki palepale. Mlo uwe ugali wa uwele au mtama kwa kiasi, maharage au dagaa, na mboga nyingi. Binafsi ningechagua mlenda, ambao nyuzinyuzi zake hushibisha mapema. Zabibu za hapa ni tamu mno, hivyo ziliwe kiganja kimoja, baada ya chakula.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasifunge. Mwenye kisukari anayetumia insulini amwone daktari kwanza, na yeyote anayetetemeka au kutokwa jasho jembamba afungue papo hapo kwa kitu chenye sukari.