Kabla hujakaa meza ya blakijeki mara ya kwanza

Blakijeki ni mchezo wa karata wa kasino: unashindana na mgawaji kukaribia 21 bila kuipita. Usivute kiti bado. Soma kwanza maandishi ya kwenye kitambaa cha meza: yakisema blakijeki (ree na karata ya thamani ya 10 katika mbili za kwanza) hulipwa 3 kwa 2, kaa, yakisema 6 kwa 5, tafuta meza nyingine. Ukiweka dau la 10 ukapata ree na karata ya picha, meza ya kwanza inakulipa 15, ya pili 12 tu. Ni pesa yako hiyo, na wageni wengi hawaangalii kabisa. Cheki pia kibao cha dau la chini.

Pesa ya kununulia chipu, vile vidude vya kuwekea dau, iweke mezani, usimpe mgawaji mkononi. Karata zikigawiwa wazi usiziguse. Ukitaka nyingine gonga meza kwa kidole; ukitosheka, pitisha kiganja juu ya karata kama unayefuta vumbi. Kusema kwa mdomo hakutoshi, kwa sababu kamera za juu lazima zione ulichoamua.

Mgawaji akifunua ree atauliza kama unataka bima, yaani dau la pembeni kwamba yeye ana blakijeki. Kataa. Na karata zako zikijumlika 16 huku yeye ameonyesha 10, ongeza karata hata moyo ukigoma. Ukisimama hapo unapoteza mara nyingi zaidi.