Kukusanya Vitabu vya Herufi za Risasi Unguja

Ukitaka kukusanya vitabu vya matbaa za zamani, kama ile ya Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, jifunze kwanza kuutambua uchapaji wa herufi za risasi, yaani herufi za madini zinazopakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi: inamisha ukurasa kwenye mwanga wa dirishani, kisha pitisha kidole nyuma yake taratibu, kwani mara nyingi herufi huacha mbonyeo unaohisika. Kwa matoleo mapya ya matbaa ndogo, soma ukurasa wa mwisho, ambako aghalabu hutajwa idadi ya nakala na aina ya karatasi. Jalada lililochakaa liache lilivyo. Kulibadilisha, kwa maoni yangu, ni hasara isiyofidika. Wakati wa masika usiviegemeze vitabu kwenye kuta za Mji Mkongwe, ambazo hufyonza maji. Viweke kabatini penye hewa, ukivikagua mara kwa mara kama vina ukungu au mchwa.