Kuoga majira ya baridi kwa mwenye ngozi kavu au ukurutu

Baridi ikianza huku ughaibuni, ngozi ndiyo hutangulia kuumia. Hewa ya nje haina unyevu, na hita za ndani zinazidi kuikausha. Mwenye ukurutu, yaani pumu ya ngozi, huamka usiku akijikuna, akakimbilia maji ya moto. Yanamtuliza kidogo, kisha mwasho unarudi mkali kuliko mwanzo, kwa sababu yameyaosha mafuta yaliyokuwa yakizuia unyevu usitoke mwilini.

Oga maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10 tu. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, kadiri namba inavyopanda asidi hupungua) ni karibu 5, lakini sabuni ya kipande kwa kawaida hufika 9 au 10. Hata ile inayosifiwa kuwa ya asili iko hivyo, kwani sabuni halisi hupatikana kwa kuchanganya mafuta na kemikali kali. Tafuta kisafishio kisicho na sabuni wala manukato, ukitumie kwapani, sehemu za mikunjo na miguuni. Kwingine maji yanatosha. Dodoki liache kabisa. Osha kwa kiganja.

Ukitaka tiba ya jikoni, ninayoiamini ni oti. Chukua oti tupu, zisizo na sukari wala ladha, uzisage mpaka ziwe unga laini sana. Koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji: yakigeuka meupe kama maziwa, unga uko tayari, ukituama chini haraka, rudia kusaga. Mimina kikombe kimoja kwenye bafu la kujilaza lenye maji ya uvuguvugu, kaa humo kama dakika 10. Asiye na bafu la aina hiyo aufunge unga kwenye kitambaa cha pamba, aulowanishe na kuukamulia mwilini. Bafu litateleza, kwa hiyo shika ukuta unapotoka, na mtoto usimwache peke yake. Mwenye mzio wa oti asijaribu.

Kinachofuata ndicho wengi hukosea. Usijisugue kwa taulo. Jikaushe kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika 3 hivi, paka mafuta. Paka kuelekea vinyweleo vinakolalia ili visizibe na kutoa vipele. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu ni ya bei nafuu na huzuia maji kutoka kuliko losheni nyingi za gharama. Mafuta ya alizeti pia yanafaa. Ya zeituni siyashauri, kwa kuwa utafiti umeonyesha yanadhoofisha tabaka la juu la ngozi. Limau na mafuta makali ya mimea yenye harufu huchoma ngozi iliyochubuka, hata kama ni ya asili kiasi gani. Jambo moja la usalama: nguo na mashuka yaliyolowa mafuta ya kupaka hushika moto upesi, basi kaa mbali na sigara, mishumaa na jiko.

Kwa daktari, jieleze wazi. Kwenye ngozi nyeusi ukurutu mara nyingi hauonekani mwekundu. Huwa kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu, pengine vipele vidogovidogo tu, na daktari asiyezoea anaweza kuudharau. Upige picha ukurutu siku umechachamaa, ukamwonyeshe. Akikuandikia krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, itumie kama alivyoelekeza bila woga, ila usiifananishe na krimu za kung'arisha ngozi, maana baadhi yake zina steroidi kali au zebaki bila kuandikwa kwenye kopo.

Ukiona usaha, ukoko wa njano au homa, usisubiri miadi ya mbali. Na malengelenge madogo yenye maumivu yakijitokeza kwa mafungu na kuenea haraka, hasa usoni, nenda hospitali siku hiyohiyo.