Soma matokeo ya shule ya msingi kabla hujatuma ada Mbeya au Iringa

Mzazi aliyeko Columbus au Leicester, mtoto wake anaishi kwa bibi Tukuyu au Mafinga, mara nyingi huchagua shule kwa picha iliyorushwa kwenye grupu la WhatsApp la familia: bango la getini limeandikwa WASTANI B, mbele yake watoto wamevalia sweta mpya. Bango hilo huenda ni la kweli kabisa. Tatizo ni kwamba halisemi wastani huo umetoka kwa watoto wangapi.

Matokeo ya kila shule yako kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, necta.go.tz. Fungua sehemu ya matokeo, chagua PSLE kwa darasa la saba au SFNA kwa upimaji wa darasa la nne, kisha mwaka, mkoa, halmashauri, shule. Kabla ya yote mwombe shangazi au bibi akuulizie namba ya shule, maana akina Mapinduzi, Azimio na Muungano wamejaa kila wilaya. Namba hiyo ina herufi PS na tarakimu saba: mbili za mkoa, mbili za halmashauri, tatu za shule. Zinazofuata baada ya kistari ni za mtahiniwa. Ukirudi nyuma kabla ya 2016, shule za Vwawa na Tunduma zitafute chini ya Mbeya, kwa kuwa mkoa wa Songwe haukuwepo.

Darasa la saba wamekuwa wakifanya masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Kuanzia 241 ni A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C. Chini ya 121 mtoto hajafaulu. Darasa la nne D nayo huhesabiwa kuwa ufaulu, kwa hiyo shule ikijisifu kwamba asilimia mia moja wamefaulu, uliza ni la nne au la saba kabla hujapiga makofi. Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora tangu 2023. Ukitumiwa orodha ya "kumi bora Nyanda za Juu Kusini", ujue kuna mtu ameipanga mwenyewe.

Sasa kazi yenyewe. Chukua matokeo ya darasa la saba ya 2024, kisha fungua ya darasa la nne ya 2021 ya shule ileile. Ni watoto walewale, miaka mitatu imepita. Linganisha idadi ya waliofanya, halafu wastani.

Tuseme shule ya kwanza darasa la nne walikuwa 58, la saba wakafanya 31, wastani 228. Shule ya pili walikuwa 96, wakafanya 91, na wastani ukatoka 140 ukafika 171. Bangoni ya kwanza ni B na ya pili ni C. Sisi tungempeleka mtoto ya pili, au walau tungeanza kwa kuipigia simu. Wale 27 wa shule ya kwanza wameenda wapi? Wachache wamehama na wazazi, hilo la kawaida. Ila zipo shule binafsi zinazochuja: mtoto asiyefikia wastani wa shule anakaririshwa darasa, au mzazi anaitwa mwezi wa kumi na moja na kuambiwa kwa upole amtafutie mwanawe "shule inayomfaa". Wastani unapanda bila mwalimu kufundisha zaidi. Mtoto wako akiwa wa kawaida tu, na watoto wengi ni wa kawaida, huenda naye akawa kwenye hesabu ya waliopungua.

Shule ya serikali nayo idadi ikipungua, sababu ni nyingine: utoro wa msimu wa shamba, au mtoto kaondoka kwenda kufanya kazi za ndani mjini. Hapo uliza kuhusu chakula cha mchana. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, lakini uji na makande hutegemea michango ya wazazi, na mtoto anayeshinda na njaa hadi saa tisa hasomi hesabu za mchana.

Usilinganishe shule ya mchepuo wa Kiingereza na ya Kiswahili kana kwamba zinakimbia mbio moja. Linganisha ya Kiingereza na ya Kiingereza mwenzake, ndani ya halmashauri moja. Na kama mtoto anatoka ughaibuni moja kwa moja, tazama safu ya Kiswahili kwanza, maana somo hilo hufanywa na wote na ndilo linalowaangusha. Anazungumza vizuri na bibi, lakini ngeli, methali na utungaji ni kitu kingine. Akiingia darasa la tano ana muda. Akiingia la saba mwezi wa kwanza, mtihani ni Septemba, na nafasi hiyo ni finyu mno.

Kuna alama zinazopotea bila ujinga wowote. Karatasi ya darasa la saba imekuwa na maswali 45: 40 ya kuchagua, yanayojibiwa kwa kusiliba duara kwenye fomu inayosomwa na mashine, na matano ya kuandika kwa kalamu ya wino. Mtoto akiruka swali la 17 ili alirudie baadaye, akasahau kuruka na duara lake, jibu la 18 linakaa kwenye mstari wa 17 na yote yanayofuata yanahama. Anajua majibu, anapata sifuri. Kosa lingine ni kubadili jibu na kufuta nusunusu, mashine ikaona maduara mawili. Mnunulieni penseli mbili za HB, kichongeo na kifutio laini kisichoacha weusi, na muulize mwalimu wa taaluma kama kwenye mtihani wa utamilifu (mock) wanatumia fomu zenyewe au wanazungushia herufi tu.

Mwalimu huyo ndiye wa kumpigia, wala si mwalimu mkuu mwenye wageni mlangoni. Saa tisa alasiri vipindi vimekwisha, na Columbus ni saa moja asubuhi majira ya baridi. Baada ya salamu, omba vitu viwili: alama za mtoto za kila somo kwenye utamilifu, na wastani wa darasa kwa somo hilohilo. "Anaendelea vizuri" si jibu. Hisabati 19 kati ya 50, darasa wastani 23, hilo ni jibu.

Aliyeanza darasa la tatu 2024 yuko kwenye mtaala mpya, atamalizia la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo wanamaliza la saba waliomtangulia, na wote wanaingia kidato cha kwanza Januari 2028. Ukitaka sekondari binafsi, fuatilia usaili mapema 2027, usingoje matokeo. Masomo nayo yamebadilika, yapo Historia ya Tanzania na Maadili, na Jiografia na Mazingira. Vitabu vya binamu yake aliyemaliza juzi visimpe bibi moyo kwamba ameokoa hela.

Jina la mtoto liandikwe shuleni kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, na lilingane na pasi ya kusafiria. Mwombe bibi apige picha ukurasa wa usajili wenye jina na namba ya PReM (mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi), akutumie. Namba hiyo ndiyo inayomfuata mtoto akihama shule, na kosa la herufi moja ni rahisi kulirekebisha angali darasa la tatu kuliko likishachapwa kwenye matokeo ya la saba.