Kompyuta inayozima baada ya kubadilishiwa kadi ya grafiki: uanzie wapi

Kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi vizuri hadi jana, ikaanza kuzima leo baada ya kufungwa kadi mpya ya grafiki, humfanya mwenyewe aamini moja kwa moja kwamba ameuziwa kadi mbovu. Wakati mwingine ni kweli. Hata hivyo, katika kompyuta zinazopita mezani kwangu, umeme unaoilisha kadi na draiva (programu zinazoiwezesha Windows kuitumia kadi) zilizoachwa na kadi ya zamani hukutwa na kosa mara nyingi kuliko kadi yenyewe, na kwa sababu hiyo kadi huwa naishuku mwisho.

Kabla ya kushika bisibisi, tazama kwanza inazima vipi. Kompyuta inayokatika ghafla, kama vile umeme wa mtaa umekwenda, na pengine kujiwasha yenyewe tena, inaelekeza kwenye pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), ambayo hujikata ili kujilinda inapozidiwa. Skrini ikiwa nyeusi huku feni za kadi zikivuma kwa nguvu zote, huenda kadi imepungukiwa umeme au haikukaa sawasawa kwenye sloti yake. Ikiwa picha inaganda kidogo, skrini inamezwa na giza, kisha picha inarudi na unakuta gemu imejifunga, chunguza draiva: Windows huipa kadi sekunde 2 za kuitikia, na isipoitikia huianzisha draiva upya. Jaribio hilo likishindikana, ndipo inapotokea skrini ya bluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE.

Kumbukumbu za matukio haya zimo katika programu ya Event Viewer, upande wa kumbukumbu za mfumo. Tukio namba 4101 linalotoka kwa Display ni lile la draiva kuanzishwa upya. Tukio namba 41 la Kernel-Power huwapotosha wengi, kwa sababu jina lake linataja umeme. Kwa hakika linasema tu kwamba kompyuta ilizima bila kufungwa kwa utaratibu, na hutokea hata mtu anapobonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda mrefu. Andika saa ya kila tukio na ulichokuwa ukifanya saa hiyo.

Sasa umeme, na hapa fanya hesabu kwa kalamu. Sloti ya PCIe, ile inamochomekwa kadi kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), imekusudiwa kuipa kadi wati 75. Plagi ya pini 6 inaongeza wati 75 nyingine, na ya pini 8 inaongeza wati 150. Chukua mfano wa zile kompyuta za ofisini zilizotumika, ambazo huingizwa kwa wingi Dar es Salaam na Nairobi, na ambazo vijana hupenda kuzigeuza za gemu: ukiwa na pawasaplai ya wati 240, prosesa ya wati 65, na kadi ya RX 580 ambayo matumizi yake ni wati 185, tayari umefikia 250 kabla ya kuhesabu diski, RAM na feni. Kompyuta kama hiyo itawaka, itafungua deskitopu na kuonyesha filamu usiku kucha bila tatizo, kisha itazima gemu inapoanza tu, kwa kuwa hapo ndipo kadi inapodai haki yake yote.

Kibaya zaidi, pawasaplai hizo kwa kawaida hazina plagi ya pini 8, hivyo mnunuzi huuziwa adapta inayochukua umeme kutoka plagi ya SATA ya diski. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ikibeba ampea 1.5, yaani wati 54 kwa jumla, ilhali kadi inaamini kwamba imepewa njia ya wati 150. Niliwahi kuchomoa adapta ya namna hiyo ambayo plastiki yake nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa kandokando ya waya wa njano, na pini moja imezama ndani ya plastiki iliyolainika. Mwenyewe alikuja kulalamikia skrini nyeusi tu. Ukikuta adapta hiyo, iondoe leo, usisubiri mwisho wa mwezi. Ama tumia kadi isiyohitaji plagi ya ziada, kama matoleo ya GTX 1650 yanayotosheka na wati 75 za sloti, ama badilisha pawasaplai, baada ya kuhakikisha kwamba mazabodi yako inapokea plagi ya kawaida ya pini 24, maana kompyuta nyingi za ofisini zina plagi zao wenyewe.

Hata pawasaplai ambayo hesabu zake zinatosha inaweza kujikata, kwa kuwa kadi zenye nguvu huvuta umeme mwingi kupita kiwango chake kwa milisekunde chache. Kama kadi yako ina plagi mbili, tumia kebo mbili tofauti badala ya moja yenye vichwa viwili. Usiazime kebo ya pawasaplai nyingine hata kama inaingia, kwa sababu mpangilio wa waya upande wa pawasaplai hutofautiana na unaweza kuunguza diski zako. Kisha fanya jaribio hili lisilo na gharama: kwa kutumia programu ya MSI Afterburner, shusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 70 na ucheze gemu ileile kwa nusu saa. Kompyuta ikiacha kuzima, shaka kubwa inahamia kwenye pawasaplai.

Wanaotumia UPS (betri ya akiba ya umeme) ndogo ya VA 650, kipimo kisicho sawa na wati, wakumbuke kwamba kwa kawaida hubeba chini ya wati 400, na skrini nayo imechomekwa humohumo. Chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani siku moja uone.

Kuhusu draiva, kusakinisha mpya juu ya ya zamani hakutoshi, hasa ukihama kutoka AMD kwenda NVIDIA au kinyume chake. Pakua kwanza draiva mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji pamoja na programu ya Display Driver Uninstaller, hifadhi ufunguo wa BitLocker (kifungio cha siri cha diski katika Windows) kama diski imefungwa nayo, kisha kata intaneti ili Windows isikuwahi kwa kupachika draiva yake. Ingia katika hali salama (Safe Mode), safisha draiva zote za grafiki, washa upya, ndipo usakinishe. Ikiwa tatizo linabaki, jaribu toleo la nyuma kidogo, kwa maana toleo jipya kabisa nalo huja na kasoro zake.

Ndani ya kasha, chomoa waya wa ukutani, toa kadi na uirudishe hadi kibano cha sloti kilie. Plagi nazo zisukumwe hadi mwisho. Zile za pini 16 zilizoyeyuka kwenye baadhi ya kadi za RTX 4090 mwaka 2022, NVIDIA ilieleza kwamba nyingi hazikuwa zimeingia kikamilifu. Joto lichunguze kwa programu ya HWiNFO: nyuzi 80 na kitu wakati wa gemu si ajabu, lakini ukipita 90 safisha vumbi na angalia hewa inapita wapi. RAM iliyoongezwa kasi kwa XMP (mpangilio wa kuikimbiza RAM kupita kasi yake ya kawaida) irudishe kwenye kasi ya kawaida wakati wa majaribio, na ufanye badiliko moja tu kwa wakati, la sivyo hutajua lipi lililoponya.

Yote hayo yakishindikana, rudisha kadi ya zamani na uitumie jioni nzima, kisha ipeleke mpya katika kompyuta ya rafiki yenye pawasaplai ya kutosha. Ikizima na huko, chukua risiti na picha za matukio uliyoyaandika, urudi dukani kabla siku za waranti hazijaisha, na usikubali waijaribu kwa kufungua deskitopu tu: omba waendeshe gemu, mkiwa mmesimama wote mnatazama.