Baba akitaka kuacha tiba katikati: nyumbani mfanye hivi

Hii ni kwa nyie wa Moshi na Arusha mnaoishi na mume, baba au kaka aliyepigana, awe alienda Kongo au Darfur kulinda amani au ni mzee wa Vita vya Kagera 1978-79, ameanza tiba ya mazungumzo kwa ajili ya PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaokuja baada ya mtu kupitia tukio la kutisha, halafu baada ya wiki kadhaa anasema siendi tena, nikitoka kule nalala vibaya zaidi.

Msimgombeze. Kukwepa ni dalili ya ugonjwa wenyewe: hataki habari za vita kwenye tivii, hapokei simu za wenzake wa kikosi, na kliniki ndo sehemu anapoambiwa alitaje lile tukio, sasa kwa nini asiikwepe na yenyewe? Kwa hiyo jipangeni kabla hiyo siku haijafika.

Mwanzoni kabisa mwombeni mtaalam awaambie ni sesheni ngapi. Ile tiba ya kupitia kumbukumbu kidogo kidogo huwa 8 mpaka 15, ile ya kuchambua mawazo kama "wamekufa kwa sababu yangu" huwa kama 12, na mawazo hayo yapo sana, fikiria aliyebaki hai kule Semuliki, Kongo, Desemba 2017 walipouawa walinda amani wetu wasiopungua 14. Mtu akijua kuna mwisho anavumilia. Aambiwe pia wazi kwamba ndoto na hasira zinaweza kupanda anapoanza kuligusa tukio, na kwa wengi zinashuka akiendelea.

Nauli tengeni mapema, hasa anayetoka Rombo au Marangu kuja hospitali ya KCMC au Mawenzi, kwa sababu siku ambayo moyo hautaki, kukosa nauli ni sababu tosha. Daladala iliyojaa ikimpa shida mtafutieni boda mnayemjua, na mumsindikize zile siku za mwanzo. Mwezi wa 12 nao muuangalie sana jamani, ukoo mzima umepanda mlimani, mbege, misiba, sherehe, fataki usiku, hapo ndo apointimenti zinapotea, basi wiki moja kabla pigeni kliniki mpange tarehe.

Akirudi msimuulize umeongea nini leo. Mpeni chakula, mwacheni apumzike, akitaka kuongea ataongea. Akipewa kazi ya kufanya nyumbani, mfano kusikiliza rekodi ya sauti yake mwenyewe, mtafutieni chumba na muda, watoto wakacheze nje, na asiifanye akiwa amekunywa.

Na hapa wake na mama zetu naomba mnisikie kwa upendo: mnamlinda mpaka mnamrudisha nyuma. Hataki soko la Mbuyuni kwa sababu ya watu, unaenda wewe, hataki kukaa kanisani, unamwombea udhuru, miaka inapita dunia yake inazidi kuwa ndogo. Mtaalam akisema aende sokoni dakika kadhaa, nenda naye, simama pembeni, usinunue kwa niaba yake.

Maombi na dua viendelee, ila mchungaji au shehe asimwambie aache kliniki wala vidonge. Dawa ya PTSD kama sertraline haikatwi ghafla, daktari ndo anaipunguza taratibu. Akianza kusema bora afe, siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali, msimwache peke yake, na silaha, kamba na dawa za kuulia wadudu zitoke humo ndani.

Amekosa sesheni moja? Pigeni simu siku hiyo hiyo, kwa sababu akishakosa mbili anaona aibu kurudi. Na kama alishaacha hata miezi mingi, milango haijafungwa, nendeni kitengo cha afya ya akili, iwe Mawenzi, KCMC au Mount Meru kwa wa Arusha, semeni aliishia wapi na nini kilimshinda. Kama shida ni yule mshauri, ombeni mwingine, kama ni kasi ombeni ipunguzwe, hiyo ni haki yake.